Dubu Ni Nani? Uhakiki wa Sanamu ya Lāčplēsis Mjini Riga

Katikati ya Riga, mji mkuu wa Latvia, kando ya bustani zinazoufuata mfereji wa mji, umesimama Mnara wa Uhuru wenye urefu wa mita 42. Anayeufikia kwa mara ya kwanza huinua macho moja kwa moja hadi kileleni, ambako mwanamke wa shaba ameinua nyota tatu. Makala hii inataka kuyashusha macho hayo. Chini, kwenye kitako cha mnara, kuna kundi la sanamu za graniti linalomwonyesha mtu akipambana na dubu mwili kwa mwili. Mtu huyo ni Lāčplēsis, shujaa wa utendi wa taifa la Walatvia, ambaye jina lake lina maana ya "Mpasua Dubu".

Kwa kuwa shujaa huyu alizaliwa katika fasihi kabla ya kuingia katika jiwe, swali la kwanza la mhakiki ni kama mchongaji ameusoma utendi vizuri. Jibu langu lina sehemu mbili. Mchongo huu ukitazamwa peke yake unaupunguza utendi, kwa sababu unamgeuza ndugu wa shujaa kuwa adui tu, na pambano lisilokwisha unalifanya ushindi. Lakini ukitazamwa pale ulipowekwa, pamoja na sanamu zinazouzunguka, unarudisha sehemu ya kile ulichokipoteza. Nimeutazama kwa picha, si kwa macho yangu, kwa hiyo sitazungumzia ustadi wa patasi, jambo ambalo picha haiwezi kulithibitisha. Nitazungumzia uteuzi: mchongaji alichagua tukio gani, akaacha lipi, na uteuzi huo unamfanya mtazamaji afikiri nini.

Utendi nyuma ya jiwe

Utendi wa Lāčplēsis ulichapishwa mwaka 1888. Mtunzi wake, Andrejs Pumpurs, alikuwa afisa wa jeshi. Wakati huo Latvia haikuwa nchi huru. Ilikuwa chini ya Tsar wa Urusi, huku sehemu kubwa ya ardhi ikimilikiwa na makabaila wenye asili ya Kijerumani. Pumpurs alichukua ngano za watu wake kuhusu mtu mwenye nguvu za dubu, akaziunganisha na historia ya zama ambazo wapiganaji wa Vita vya Msalaba kutoka Ujerumani waliingia nchini kwa kuufuata Mto Daugava. Kwa hiyo, kama ilivyo kwa Kalevipoeg ya majirani zao Waestonia, utendi huu ni kazi ya mtunzi mmoja aliyesuka nyuzi za simulizi za wengi. Una sehemu sita, na una lengo lililo wazi: kuwaambia watu waliotawaliwa kwa karne nyingi kwamba nao wana wahenga wa kujivunia.

Kisa chake kwa ufupi ni hiki. Lāčplēsis ni mwana wa kulelewa wa mtawala wa Lielvārde. Akiwa na umri wa miaka 18 anamwona dubu akimrukia baba yake, anamkamata taya na kumpasua kwa mikono mitupu. Hapo ndipo anapopata jina lake. Baadaye anakwenda kusoma katika ngome ya Burtnieks, anakutana na mchawi mrembo Spīdala, anampenda Laimdota, anafanya urafiki na Koknesis, na anapigana na jitu la Kiestonia Kalapuisis kabla ya kupatana nalo. Wakati huo wote Kangars, mzee anayejifanya mcha Mungu, anakula njama na padri Mjerumani aitwaye Dītrihs. Kangars ndiye anayeifichua siri ya nguvu za shujaa: mama aliyemzaa ni dubu, na nguvu zake zimo katika masikio yake ya dubu. Mwishoni Askari wa Giza, aliyevaa deraya, anafika Lielvārde na kupigana naye. Anamkata sikio la kwanza, kisha la pili. Lāčplēsis anamkumbatia kwa hasira, wanashindana kwa mieleka hadi ukingoni mwa jabali, na wote wawili wanatumbukia katika Daugava.

Kisa hakikomei hapo. Utendi unafunga kwa kusema kwamba pambano linaendelea. Wapita njia wa mtoni huwaona wawili hao usiku wakishikana juu ya jabali, na siku moja Lāčplēsis atamtupa adui yake peke yake vilindini. Siku hiyo ndipo watu wake watakapokuwa huru.

Mambo mawili katika kisa hiki yanabeba uzito wote wa hoja yangu. La kwanza ni kwamba shujaa anayeitwa Mpasua Dubu ni mtoto wa dubu. Jina analosifiwa kwalo linatokana na kumuua mnyama wa ukoo wa mama yake. La pili ni kwamba utendi hauna mwisho. Shujaa hashindi, na hashindwi. Mtunzi amemwacha majini, akiwa amemshika adui yake, hadi wakati ambao hajautaja.

Sisi tuliosoma Utendi wa Fumo Liyongo tunaijua vizuri siri ya namna hii. Liyongo naye hadhuriki isipokuwa mahali pamoja, kitovuni, na siri yake nayo inatoka kwa hiana ya mtu wa karibu, mwanawe mwenyewe. Lakini tazama jinsi utendi ule unavyotumia kifo. Liyongo, akiwa amechomwa sindano ya shaba, anapiga goti karibu na kisima na kuvuta upinde wake, akafa katika hali hiyo. Watu wa mji wanaogopa kwenda kuteka maji, wakidhani bado yu hai. Ni kana kwamba mtunzi mwenyewe amekwisha kumchongea shujaa wake sanamu, na akachagua dakika ya mwisho: nguvu iliyobaki katika umbo la mwili baada ya uhai kuondoka. Riga ilichagua dakika ya mwanzo, na tofauti hiyo si ndogo.

Jiwe lenyewe

Mnara wa Uhuru ulizinduliwa tarehe 18 Novemba 1935, miaka 17 kamili tangu Latvia ilipojitangazia uhuru. Mchongaji alikuwa Kārlis Zāle, na msanifu majengo Ernests Štālbergs. Gharama zililipwa kwa michango ya wananchi. Mahali ulipojengwa palikuwa na historia: mwaka 1910 palisimamishwa sanamu ya Tsar Peter I akiwa juu ya farasi, kuadhimisha miaka 200 ya Riga kuingia mikononi mwa Urusi, na sanamu hiyo iliondolewa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mfalme juu ya farasi alimpisha mkulima anayepigana kwa miguu yake. Uamuzi huo pekee ni kauli ya kisiasa.

Zāle amechonga kwa mtindo wa maumbo mapana na mazito. Hakutafuta ulaini wa ngozi wala manyoya yanayoweza kuhesabika. Mtu na dubu wote ni graniti ileile, yenye rangi ileile, na miili yao imebanana kiasi kwamba inasomeka kama fungu moja la nguvu. Hapa mchongo unafaulu kuliko maelezo yoyote ya maneno. Utendi unahitaji beti nyingi kutuambia kwamba shujaa na mnyama wana asili moja. Jiwe linasema hivyo papo hapo, hata kama mchongaji hakukusudia. Mtazamaji mvumilivu anaweza kuona kwamba kilichochongwa ni kiumbe kimoja kinachopigana na nafsi yake.

Tatizo ni kwamba mtazamaji wa kawaida si mvumilivu, na mchongo haumsaidii. Mhakiki Mjerumani Lessing, katika kitabu chake Laokoon cha mwaka 1766, alieleza kwamba mchongaji, tofauti na mshairi, anapewa dakika moja tu, kwa hiyo lazima achague ile inayoyaacha mawazo ya mtazamaji huru kuendelea mbele na kurudi nyuma. Tukikipima kipande hiki kwa kanuni hiyo, dakika iliyochaguliwa inaruhusu swali moja tu: je, atashinda? Na jibu linajulikana kabla ya swali, kwa sababu jina la shujaa ndilo jibu lenyewe. Kuporomoka jabalini kungezaa maswali mengi zaidi. Nani yuko juu? Nani anamvuta mwenzake? Ataibuka nani? Hata dakika ya sikio la kwanza kukatwa ingetuonyesha shujaa akigundua kwamba siri yake imeuzwa.

Mtu anaweza kupinga kwa kusema kwamba taifa changa lililotoka vitani lisingejenga mnara wa kumwonyesha shujaa wake akikatwa masikio. Pingamizi hilo lina nguvu, nami nalikubali kwa upande mmoja: mnara wa taifa una kazi yake, na kazi hiyo si kutafsiri utendi neno kwa neno. Hata hivyo Pumpurs aliandika kwa ajili ya watu walio katika hali mbaya zaidi kuliko ya mwaka 1935, tena chini ya watawala wawili kwa pamoja, na bado aliwapa shujaa anayejeruhiwa. Hakuona kwamba jeraha linamvunjia shujaa heshima.

Dubu ni nani?

Sanamu inapoondolewa katika kisa chake, dubu anabaki bila jina, na kitu kisicho na jina hujazwa na yeyote apitaye. Historia ya Latvia imempa dubu huyu majina mengi. Katika utendi, adui mkuu ni Mjerumani mwenye deraya, wala si dubu. Mnamo Novemba 1919 jeshi la Latvia lilizuia mjini Riga jeshi la Bermondt-Avalov, ambalo lilikuwa na askari Wajerumani na Warusi pamoja. Tarehe 11 Novemba ikawa Siku ya Lāčplēsis, na nishani ya kijeshi ikapewa jina lake. Baada ya Muungano wa Kisovieti kuiteka nchi mwaka 1940, kisha kurudi mwaka 1944 baada ya utawala wa Wanazi, sura ya adui ilibadilika tena. Na kwa kuwa katuni za magazeti ya Ulaya zimekuwa zikiichora Urusi kama dubu kwa muda mrefu, si vigumu kwa mtazamaji wa leo kuamini kwamba Zāle alichonga hasa hilo.

Hapa ndipo uhakiki unapoacha kuwa mchezo wa darasani. Sehemu kubwa ya wakazi wa Riga huzungumza Kirusi nyumbani. Wanapita karibu na mnara huo wakienda kazini na shuleni kama wenzao wanaozungumza Kilatvia. Ikiwa dubu anasomwa kuwa dola iliyowahi kuwahamishia watu Siberia, basi sanamu inasema ukweli mchungu wa historia. Lakini ikiwa dubu anasomwa kuwa jirani wa ghorofa ya tatu, sanamu inafundisha jambo jingine kabisa. Jiwe lenyewe haliwezi kutofautisha masomo haya mawili. Utendi unaweza, kwa sababu utendi unamkumbusha msomaji kwamba nguvu alizo nazo shujaa zilitoka kwa dubu, na kwamba aliyetaka masikio hayo yakatwe alikuwa msaliti. Lāčplēsis bila masikio ya dubu ni mtu wa kawaida. Taifa linalomsoma kwa makini halina budi kujiuliza lina mama wangapi.

Kuna pengo jingine. Utendi una wanawake wenye uzito, hasa Spīdala. Rainis alipouandika upya kisa hiki katika tamthilia yake Uguns un nakts, yaani Moto na Usiku, iliyochapishwa mwaka 1905 na kuigizwa Riga mwaka 1911, alimfanya mwanamke huyo, anayemwita Spīdola, awe ndiye akili ya tamthilia: anayeelewa kwamba nguvu bila mabadiliko hazitoshi. Wakati Zāle anachonga, tamthilia hiyo ilikuwa imeshajulikana sana. Hata hivyo katika kundi lake amebaki mwanamume, mnyama na misuli. Mama dubu ametolewa, Spīdola ametolewa, na pamoja nao ametolewa kila anayelifanya pambano liwe la fikra pia.

Mahali pa mchongo

Ningeishia hapo kama Lāčplēsis angesimama peke yake juu ya nguzo. Lakini hayuko peke yake, wala hayuko juu. Yuko kwenye kitako, katika ngazi moja na makundi mengine matatu: kuhani wa kale, mama Latvia, na wanaume waliofungwa minyororo wanaojaribu kuikata. Kundi hili la mwisho huitwa Wakata Minyororo, na kwangu ndilo ufunguo. Wanaume hawa bado hawajafaulu. Miili yao imejikaza, na minyororo bado ipo. Ukizunguka mnara kutoka kwa Lāčplēsis hadi kwao, unakuta kile ambacho kundi la dubu lilikificha: pambano ambalo halijaisha. Zāle aliugawa mwisho wa utendi akauweka upande mwingine wa mnara.

Kadhalika, aliye juu kabisa ni mwanamke, mwenye kimo cha mita 9, juu ya nguzo ya mita 19. Si Spīdola wala Laimdota. Watu wa Riga humwita Milda kwa mazoea tu. Lakini mpangilio unasema kwamba nguvu za mwili ziko chini zikibeba, na kinachobebwa ni kitu kingine. Kwa maneno ya darasa letu, maudhui yamo katika muundo wa mnara mzima, wala hayamo katika kipande kimoja. Anayempiga picha Lāčplēsis peke yake na kwenda zake amesoma ubeti mmoja akadhani ameumaliza utendi.

Sanamu mbili, hatima mbili

Lāčplēsis wa Riga ana mwenzake. Mjini Jelgava, karibu na kituo cha reli, mwaka 1932 ilizinduliwa sanamu nyingine ya Lāčplēsis, kazi ya Kārlis Jansons, kuwakumbuka walioukomboa mji huo mwezi Novemba 1919. Mwaka 1950 utawala wa Kisovieti uliilipua. Mwaka 1992, nchi ikiwa imerudisha uhuru wake, sanamu ilisimama tena, na aliyeirudisha ni Andrejs Jansons, mwana wa mchongaji wa kwanza.

Mnara wa Riga haukulipuliwa. Ulifanyiwa jambo lililo la hila zaidi: ulipewa maana mpya. Ilielezwa kwamba nyota tatu ni jamhuri tatu za Kisovieti za Baltiki. Kuweka maua chini ya mnara kulimweka mtu hatarini, hata wenyeji wakatania kwamba mnara ule ni wakala wa safari, kwa kuwa anayeweka ua hupata tiketi ya kwenda Siberia bila ya kurudi. Tarehe 14 Juni 1987 kundi la Helsinki-86 liliongoza watu kuweka maua hapo hadharani, kuwakumbuka waliohamishwa kwa nguvu mwaka 1941.

Tukizilinganisha hatima hizi mbili tunajifunza jambo kuhusu sanaa ya hadharani. Aliyeilipua sanamu ya Jelgava aliamini kwamba maana imo ndani ya jiwe, na jiwe likivunjika maana imekwisha. Aliyeubadilishia maana mnara wa Riga aliamini kwamba maana imo katika maelezo, na maelezo yakibadilishwa jiwe litatii. Wote wawili walisahau kwamba kulikuwa na kitabu. Msomaji wa Pumpurs alijua kwamba shujaa ameanguka na bado yu hai, kwa hiyo kishindo cha 1950 kilikuwa kwake ukurasa alioufahamu tayari. Bila kukusudia, waharibifu wa Jelgava walikiigiza kisa cha jabali na mto, na kurudi kwa sanamu mwaka 1992 kukawa sehemu iliyosalia.

Hitimisho

Hukumu yangu, basi, ni hii. Kama umbo, kundi la Lāčplēsis ni kazi yenye nguvu na isiyo na mapambo ya bure. Kama usomaji wa utendi, ni usomaji wa ukurasa wa kwanza, na kinachokosekana, yaani mama dubu, masikio yaliyokatwa na mto, ndicho kingemzuia mtazamaji kumjaza dubu kwa chuki zake mwenyewe. Kama sehemu ya mnara, kundi hili linasahihishwa na majirani zake, hasa Wakata Minyororo. Mwongozaji wa wageni anayewasimamisha mbele ya dubu na kuwaambia "huyu ni shujaa wetu" amefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwazungusha upande wa pili.

Na kuna ushahidi kwamba Walatvia wenyewe hawakuusahau ukurasa wa mwisho. Kila tarehe 11 Novemba, Siku ya Lāčplēsis, jioni watu wengi huwasha mishumaa chini ya ukuta wa Ngome ya Riga. Ukuta huo unatazama barabara ya ukingoni iliyopewa jina la tarehe hiyohiyo, na ng'ambo ya barabara unapita mto. Ni Daugava, uleule ambao katika utendi bado unawashikilia shujaa na adui yake.